Ukuta Unaobanduka Rangi: Tafuta Maji Kabla ya Kushika Brashi

Ukuta wa kwanza wenye unyevu niliopewa kuutengeneza niliupaka rangi mara tatu. Mara zote tatu ilivimba, ikapasuka, ikadondoka kama maganda. Mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, safari hii usije na rangi." Ndipo nikashika tindo. Nyuma ya lipu nikakuta kiwiko cha bomba kikitoa tone moja moja. Tangu hapo rangi ndiyo ninayonunua mwisho.

Hatua ya 1: Lisome doa

Lizungushie mstari wa penseli, andika tarehe, piga picha. Baada ya wiki moja utajua kama linakua.

Doa lililoanzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja hivi, lenye unga mweupe ukingoni, mara nyingi ni maji ya ardhini. Matofali huyanyonya kama utambi unavyonyonya mafuta, na ule unga ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Doa lililo karibu na dari, linalokolea mvua ikinyesha, anza na paa na gata. Lililo katikati ya ukuta na halijali mvua wala jua, shuku bomba. Kuvu jeusi pembeni au nyuma ya kabati ni jambo jingine: aghalabu ni mvuke wa kupika, kuoga na nguo zilizoanikwa ndani, unaogusa ukuta baridi na kugeuka maji.

Hatua ya 2: Bandika plastiki

Kausha sehemu ndogo ya doa kwa kitambaa. Bandika kipande cha plastiki angavu cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Ni jaribio la bei ya chee, na limeniokoa nisivunje lipu nzima bure.

Hatua ya 3: Ulizia mita

Kama unashuku bomba, funga koki zote, soma mita, subiri saa mbili bila mtu hata kuvuta maji ya choo, kisha soma tena. Namba ikisogea, kuna uvujaji. Mwenye tangi linalojijaza lenyewe afunge kwanza koki inayoliingizia maji, maana tangi likijaza mita itazunguka hata kama hakuna kinachovuja. Mabomba yanayotoka kwenye tangi yapime kwa kuweka alama ya kina cha maji ndani yake usiku na kuangalia asubuhi.

Hatua ya 4: Zuia maji

Bomba linabadilishwa, gata linazibuliwa. Sina maneno mengi hapo. Mvuke unahitaji madirisha kufunguliwa wakati wa kupika na kuoga, na kabati kuachwa sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani.

Kazi kubwa iko kwenye maji ya ardhini. Zunguka nje kwanza. Mara nyingi nakuta bustani au sakafu mpya imepandishwa mpaka imeufunika ukanda wa kuzuia unyevu uliolazwa juu ya msingi, na maji yanaingia kwa kuuruka. Chimba udongo ushuke sentimita 15 chini ya ukanda, kisha uupe mteremko wa kwenda mbali na nyumba, kama sentimita 5 kwa kila mita. Kama nyumba haina ukanda huo kabisa, kuna dawa ya kudungwa kwenye matundu ya ukuta, ila hiyo muachie fundi mzoefu.

Hatua ya 5: Bandua

Zima umeme kwenye swichi kuu kama kuna soketi karibu. Vaa barakoa na miwani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizisugue kwa msasa mkavu. Toa lipu yote iliyooza, uvuke ukingo wa doa kwa sentimita 30. Chumvi ipigwe brashi ngumu ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Hatua ya 6: Subiri

Hapa ndipo watu wengi hunikasirikia. Kwa makadirio, ukuta hukauka milimita 25 kwa mwezi, hivyo tofali nene linaweza kukuweka miezi kadhaa. Fungua madirisha, washa feni.

Hatua ya 7: Lipu, kisha rangi

Changanya saruji kipimo kimoja kwa mchanga safi vipimo vinne au vitano, upige tabaka la milimita 10 hadi 15, ulinyunyizie maji siku chache za mwanzo. Jasi isikaribie sakafu, inanyonya maji. Acha angalau wiki nne, ndipo upake rangi ya maji. Ile ya mafuta hufungia ndani unyevu uliobaki.