Jinsi ya kuomba ruhusa ya kupiga picha za isukuti Kakamega ukisafiri peke yako

Ukitoka Nakuru au Kisumu na kamera yako ukitaka kupiga picha za isukuti, ngoma ya jadi inayochezwa Kakamega, usitafute afisi moja itakayomaliza kila kitu. Kuna karatasi za serikali, na kuna ruhusa ya wenye ngoma. Wengi hukimbilia mhuri wakidhani hiyo nyingine itafuata yenyewe. Haifuati.

Anza kwa kuamua picha ni za nini. Zikiwa za utafiti wa chuo, omba mtandaoni leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, uambatishe barua ya chuo chako. Ikitoka, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti kabla ya kuanza kazi. Ruhusa ya filamu hutoka kwa Bodi ya Kuainisha Filamu. Mwanahabari abebe kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Ukitaka kurusha droni, ruhusa hutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na chifu hawezi kukupa kwa niaba yao.

Sasa andika barua ya maombi. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya mwaka wa 2016 inataka jamii ielezwe mambo wazi na ikubali kabla sanaa yake haijatumiwa kibiashara. Usiandike kwamba unataka picha za “utamaduni wa Waluhya”. Barua ya namna hiyo inaonyesha hujui unakokwenda. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili miongoni mwa Waluhya. Waisukha wako upande wa Shinyalu, Waidakho upande wa Ikolomani. Chagua, kisha umwandikie chifu wa lokesheni utakayofika:

“MINT: OMBI LA RUHUSA YA KUPIGA PICHA ZA ISUKUTI

Mimi ni mpiga picha kutoka Nakuru. Naomba ruhusa ya kupiga picha za wachezaji na wapigaji ngoma katika lokesheni yako kuanzia tarehe … hadi … Picha zitaonyeshwa katika maonyesho, wala hazitauzwa. Nitakuwa peke yangu na nitalala kwa … Nitaomba idhini ya kila familia na kila kikundi kabla ya kupiga picha.”

Usiruke mahali utakapolala. Mgeni aliye peke yake na begi la kamera huulizwa maswali, na ni heri chifu awe na jibu tayari. Ambatisha nakala ya kitambulisho na picha chache ulizowahi kupiga. Chapisha nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ukiombwa “ya chai”, uliza risiti kwa upole.

Ukishakubaliwa, mwombe chifu akuelekeze kwa liguru, yaani mzee wa kijiji. Huyu ndiye atakayekupeleka kwa kiongozi wa kikundi, na pia kukutafutia kijana wa kutembea nawe. Mlipe kijana huyo. Kwenye pigano la mafahali, ambako isukuti husindikiza fahali hadi uwanjani, utakuwa umefumba jicho moja na jingine liko kwenye kamera. Lazima awepo mtu wa kukuvuta fahali akigeuka.

Kwa kikundi, zungumza na wote, si mwimbishaji peke yake. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kuna mpiga pembe, na wachezaji wamejipanga safu za wanaume na za wanawake. Kubaliana mapema kuhusu malipo, majina yatakayoandikwa chini ya picha, na lini utawaletea nakala zao. Andikeni, watie sahihi.

Isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, harusini, michezoni na hata matangani. Mimi ningeanza na shughuli ya hadhara. Kwa matanga, barua ya chifu si kitu: mwone mwenyekiti wa kamati ya mazishi siku moja au mbili kabla, bila kamera, akupeleke kwa msemaji wa familia. Wakikataa, keti nao, toa mchango wako na urudi ulikotoka. Wakikubali, waulize ni wakati gani hawataki kamera, maana mara nyingi upo.

Picha ya mtoto inayomtambulisha inahitaji idhini ya mzazi au mlezi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwalimu wake hatoshi, hata kama ndiye aliyewaleta watoto uwanjani.

Mwisho, angalia tena ule mstari wa “hazitauzwa”. Kampuni ikitaka picha moja kwa kalenda, ombi la kwanza haliitoshi. Rudi kwa kikundi, mpatane kuhusu fungu lao, kisha uandike barua mpya na kupeleka nakala kwa chifu.