Umekamata buibui usiyemjua? Jina subiri kwanza

Kila mvua zikianza lazima mtu anitumie picha, "huyu mpya kabisa, nataka nimpe jina la mamangu". Sawa, ila jina ndo kazi ya mwisho na picha ya simu haitoshi.

Kwanza hakikisha una kibali cha kukusanya, halafu tafuta waliokomaa, dume na jike ukibahatika. Buibui mtoto hata awe na rangi za ajabu vipi hakusaidii, manake spishi tunazitofautisha zaidi kwa viungo vya uzazi na hivyo vinakamilika akishakomaa. Mpige picha akiwa hai sababu kwenye spiriti rangi zinapauka, kisha muweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, mguu mmoja utie kwenye kali ya 95 kwa ajili ya DNA. Ndani ya kichupa tia kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli (wino mwingi unayeyuka): mahali, koodineti, tarehe, aliyekamata. Bila hicho kikaratasi una mzoga tu.

Sasa hadubini. Mpangilio wa macho unakupa familia, mfano wale warukaji wa Salticidae wana mawili makubwa mbele kama taa za lori. Dume ana vimikono viwili karibu na mdomo, ncha zimevimba kama glavu za bondia, hizo ni palpi, chora ya kushoto ndo mazoea. Jike mgeuze, chini ya tumbo kuna kibamba kigumu kinaitwa epigini, kikate taratibu ukisafishe uone mirija ya ndani.

Halafu inakuja sehemu inayochosha watu, kulinganisha. Ingia World Spider Catalog, orodha ya mtandaoni ya buibui wote duniani, ya kule Bern, Uswisi, bure kabisa, ina spishi zaidi ya 50,000, utoe kila andiko la jenasi yako (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo), mengine ya karne ya 19, mistari michache ya Kilatini na mchoro hakuna, hapo inabidi uombe makumbusho wakuonyeshe kielelezo chenyewe, yaani yule buibui aliyehifadhiwa. "Wapya" wengi wanafia hapa, unakuta ni jike wa dume aliyepewa jina zamani.

Akivuka, haya, mpe jina. Mfano mzuri ni Evarcha culicivora, anayepatikana Mbita kando ya Ziwa Victoria, Kenya, wataalamu wa buibui Wesołowska na Jackson walimtangaza 2003. Evarcha ni jenasi, culicivora maana yake mla mbu, na kweli anapenda mbu jike walioshiba damu. Mtu akija kumhamishia jenasi nyingine, majina ya hao wawili na mwaka, ambayo huandikwa baada ya jina la buibui, yataingia kwenye mabano. Mamako kama ni Halima basi andika halimae, herufi ndogo, -ae ni ya mwanamke.

Chagua kielelezo kimoja kiwe holotaipu, yaani kile rasmi kinachobeba jina, kipeleke makumbusho, usikiache kabatini kwako. Andiko litoke kwenye jarida, na kama ni la mtandaoni tu lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla halijatoka, la sivyo jina halihesabiki. Na posti ya Facebook sio jarida jamani.