Mwalimu wa michezo chuoni, weka daftari la mafanikio

Walimu wa elimu ya viungo vyuoni, msichanganye uchovu wa misuli na uchovu wa kazi. Wa kwanza huisha ukilala. Wa pili unaamka nao: huna nguvu, wanafunzi wanakukera bila sababu, na unaanza kuamini kwamba hufundishi lolote la maana. Mwanasaikolojia Christina Maslach alizieleza dalili hizo tatu tangu 1981.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, maana wapo wenzenu wa idara nyingine wanaowaona kama watu wa filimbi na mpira tu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa kujiamini hujengwa zaidi na mafanikio uliyoyapata mwenyewe kuliko maneno ya kutiwa moyo. Basi baada ya kipindi andika jambo moja ambalo mwanafunzi ameliweza na awali lilimshinda, kwa mfano kupumua vizuri akiogelea au kutua bila kuumiza goti. Andika pia ulichofanya wewe kikamsaidia. Siku ya tathmini, nenda na daftari hilo kwa mkuu wa idara.

Ila kama tatizo ni wingi wa vipindi, daftari peke yake halitoshi. Omba upunguziwe, tena kwa maandishi.