"Run" si kukimbia tu

Nyie mnaopokea wageni pale kivuko cha Kamanga jijini Mwanza, au mnaowatembeza soko la samaki la Kirumba Mwaloni, neno la Kiingereza "run" lisiwababaishe. Shuleni wengi tuliambiwa ni kukimbia, basi. Mgeni akiuliza, "Does the ferry run on Sunday?", anataka kujua kama kivuko kinafanya kazi Jumapili. "Who runs this place?" ni kumuulizia msimamizi. "We've run out of fish" maana yake samaki wameisha. Na mtoto ambaye pua yake "is running" ana kamasi, mpeni kitambaa.

Msikariri maana mojamoja, hamtamaliza. Kamusi kubwa ya Oxford imeorodhesha zaidi ya 600 za kitenzi hiki peke yake! Tazameni maneno yaliyokaa jirani. Likiwa na basi au boti, linahusu safari na huduma. Hoteli au duka likifuata, ni kuendesha. Maji, ni kutiririka. Injini, inawaka. Hata sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia.

Pa kuwa makini zaidi ni vile vijineno vya nyuma. "I ran into my uncle" kwa kawaida ni kwamba alikutana na mjomba wake bila kutarajia. "I ran over my uncle"? Hapo amemgonga na gari. Kwenye daftari andikeni sentensi nzima mliyoisikia, na aliyeisema alikuwa anazungumzia nini.