Sarufi ya Kihispania kwa anayeanza: pitia Kiswahili, usipitie Kiingereza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mdogo wangu mmoja wa Kibirizi, Kigoma, anayepeleka wageni kwa boti kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe na anayetaka kuongea na Wahispania bila mkalimani. Alikuwa amekwama kwa sababu kila sentensi aliipitisha kwanza kwenye Kiingereza. Hakuna haja. Mambo mengi yanayomsumbua Mwingereza kwenye Kihispania, sisi tumeyanyonya kwa mama.

Tafuta daftari na kalamu. Programu za simu zinafaa kukumbushia maneno, lakini sarufi haikai kichwani kwa kubofya picha. Andika kwa mkono.

Hatua ya 1: Matamshi

Irabu ni zetu zile zile tano. Mkazo nao: neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo ni mwishoni. Likivunja kanuni huwekewa alama, kama *está*. H haitamkwi, j ni kh, ñ ni ny, v husomwa b. Z ni th ya thelathini sehemu kubwa ya Hispania, na s Amerika ya Kusini. Chagua moja uendelee.

Hatua ya 2: Nomino na upatanisho

Makundi ni mawili tu, la kiume na la kike: *el barco* (boti), *la casa* (nyumba). Aliyekua na ngeli zetu zote hatishwi na makundi mawili. Kivumishi hufuata nomino na kukubaliana nayo, kama mti mrefu, miti mirefu: *barco blanco, barcos blancos, casa blanca, casas blancas*.

Nyingi zenye -o ni za kiume na zenye -a ni za kike, lakini wapo wakaidi: *el día, el mapa, el problema, la mano*. Ndiyo maana daftarini usiandike *mano* peke yake. Andika *la mano*. Maneno mengine utayatambua mwenyewe. *Mesa* na *bandera* yanafanana na meza na bendera, tulizozipata kwa Wareno, na *azúcar* ina asili ya Kiarabu kama sukari yetu.

Hatua ya 3: Vitenzi

Vinaishia kwa -ar, -er au -ir. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Kwetu anakaa mbele (ni-, u-, a-), kwao anakaa nyuma: *hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan*, yaani naongea, unaongea, anaongea, tunaongea, mnaongea, wanaongea. Kwa hiyo usiseme *yo hablo* kila mara, kama usivyosema "mimi naongea" kila mara. Kwa mtu mzima anza na *usted* (wewe wa heshima), na kitenzi chake ni kile cha "yeye": *¿Usted habla inglés?* Kukanusha ni kutia *no* mbele: *no hablo*.

Hatua ya 4: Ser na estar

Hapa ndipo wengi wanapoacha, kwa hiyo tutakaa. Vitenzi vyote viwili hutafsiriwa "kuwa". Kwanza vikariri: *soy, eres, es, somos, sois, son*, kisha *estoy, estás, está, estamos, estáis, están*. Usisahau alama, maana *esta* bila alama ni "hii".

Utafundishwa kwamba *ser* ni ya mambo ya kudumu na *estar* ni ya muda. Iache hiyo kanuni. Aliyekufa hafufuki, lakini husemwa *está muerto*. Ujana unapita, lakini husemwa *es joven*. Badala yake jiulize: kwa Kiswahili ningesemaje?

Ukisema yuko, yupo, yumo, iko, tumia *estar*. Yuko mtini: *está en el árbol*. Kigoma iko kando ya Ziwa Tanganyika: *Kigoma está a orillas del lago Tanganica*. Mji hauhami, na bado ni *estar*. Hata "yuko tayari" ni *está listo*.

Ukisema -me- ya hali, pia ni *estar*: amechoka, *está cansado*, amekaa, *está sentado*, dirisha limefungwa, *la ventana está cerrada*. Upatanisho uko pale pale, mwanamke aliyechoka ni *cansada*. Lakini iwe -me- inayojibu "yukoje?" Inayojibu "amefanya nini?", kama "amekula", ina njia nyingine: *ha comido*.

Anachokifanya mtu sasa hivi ni *estar* tena: anakula, *está comiendo*.

Ukisema "ni", tumia *ser*: ni dume, *es macho*, ni wa Ujiji, *es de Ujiji*, ni mrefu, *es alto*.

Njia hii ina mitego. Wa kwanza: tunasema "ni mgonjwa", wao husema *está enfermo*. Hali ya mwili au ya moyo ipeleke kwa *estar* hata kama Kiswahili kinakubali "ni". Wa pili: mkutano uko Mwanga ni *la reunión es en Mwanga*, si *está*. Jaribu kuweka "unafanyika" mahali pa "uko". Ikikubali, ni *ser*. Wa tatu: kivumishi kimoja hubadilika maana. *Es listo* ana akili, *está listo* yuko tayari. *El pescado es bueno*, samaki ni kitu kizuri. *El pescado está bueno*, huyu mgebuka ninayemla sasa ni mtamu. Wa nne: "kuna" si *está*, ni *hay*. *Hay chimpancés en Gombe*, kuna sokwe Gombe. Ukishataja wale mnaowatafuta, unarudi: *los chimpancés están arriba*, sokwe wako juu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote: andika kwa Kiswahili sentensi unazozisema kazini kweli, zungushia duara kila ni, -ko, -me- na kuna, ndipo uandike Kihispania chini yake. Usitumie sentensi za vitabuni kuhusu theluji.

Hatua ya 5: Tener na gustar

Nina njaa, *tengo hambre*. Nina miaka ishirini, *tengo veinte años*. Umeshaelewa. *Gustar* isome kama "kupendeza": mlima unanipendeza, *me gusta la montaña*, milima inanipendeza, *me gustan las montañas*. Kitenzi kinafuata mlima, hakikufuati wewe.

Hatua ya 6: Saa

Saa saba mchana ni *es la una*. Nyingine zote ni *son las*. Hapa ndipo Kiswahili kitakupoteza zaidi, kwa kuwa wao hawaanzi kuhesabu asubuhi jua linapochomoza. Saa mbili asubuhi ni *las ocho de la mañana*. Ukimwambia mgeni *a las dos* ukimaanisha saa mbili, atafika Kibirizi saa nane mchana na boti imeshaondoka.