Namna ya kuandika adui wa simulizi ya kichawi ambae msomaji atashindwa kumchukia

Simulizi nyingi za kichawi zinazozunguka WhatsApp, adui unamjua tangu sehemu ya kwanza, bibi kizee, macho mekundu, ungo, anacheka peke yake usiku wa manane, alafu mwishoni stelingi anapewa maji ya upako na mchungaji kazi imeisha. Inachosha. Na yale macho mekundu ni moshi wa kuni tu jamani, nchi hii vikongwe wameuawa kweli kwa sababu iyo, kwa hiyo kitu hicho kitoe kabisa, na habari za viungo vya wenye ualbino nazo ziache, hapo hatujadiliani.

Sisi wa nyanda za juu kusini tuna mtaji tumeukalia. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Rungwe wakifuatilia imani za Wanyakyusa, na walichokuta ni kwamba mchawi anaaminika ana chatu tumboni, ila na abamanga, wale walinzi wa kijiji wanaopambana na wachawi usiku ndotoni, nguvu yao inatoka kwa chatu huyo huyo. Yaani silaha moja, tofauti ni inatumika kwa nani na kijiji kimeridhia au hakijaridhia. Alafu kuna pumzi ya watu: mtu akikwepa wajibu, mfano kagoma kuchinja ng'ombe msibani, majirani wananung'unika chini chini na ule mnung'uniko wenyewe unampiga homa ya baridi. Hiyo kwao haikuwa uchawi, ilikuwa adhabu anayostahili.

Sasa adui wako mtoe hapo. Tuseme mzee Ambakisye, kitongoji kimoja juu kidogo ya Tukuyu, mlinzi wa siku nyingi, mchana ni mweka hazina wa kamati ya maji na daftari lake la michango halijawahi kupungua hata mia. Hilo daftari ni muhimu kuliko chatu. Msomaji akishaona mtu ni mwaminifu kwenye hela ya watu anamuamini kwenye mengine pia, na wewe ndo unapomkamatia hapo. Usimpeleke kuishi Ziwa Ngosi, lile ziwa la kreta la huku kwetu lenye hadithi za joka, kila mtu anakimbilia Ngosi, mweke kwenye kikao cha kitongoji, kwenye foleni ya bomba, sehemu ambayo stelingi hawezi kumkwepa.

Stelingi nae asiwe malaika. Lusajo anapeleka ndizi Dar, baba yake amefariki, hela yote iko kwenye mzigo, kwa iyo msibani hakuchinja kitu, watu wamekula maharage wakaondoka wamenyamaza. Ana sababu ya maana lakini amekosea, na kijiji kiko sahihi kukasirika, ila mtoto wake wa miaka minne ndo anapanda homa. Pumzi imempata asiyehusika na Ambakisye anao uwezo wa kuizuia, hazuii, kwa sababu akimwachia huyu mmoja mwakani watagoma kumi na msiba hautabebwa na mtu tena. Ukisoma hoja yake huipati pa kuipinga kirahisi. Kama na wewe mwandishi unaipinga kirahisi basi rudi uandike upya, bado ni katuni.

Maneno yake yawe ya kawaida kabisa. Adui akianza kusema "utajua mimi ni nani" umeshampoteza. Jaribu hivi, asubuhi ukungu bado haujatoka, wanakutana njiani:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Mtoto ameamkaje?"
"Bado homa, baba."
"Mpe uji mwepesi, asilale na njaa. Na lile la ng'ombe mmefikia wapi?"

Basi, usiongeze kitu. Usiandike kwamba Lusajo alihisi ubaridi mgongoni, msomaji ameshausikia mwenyewe.

Kitu kingine watu wanaharakisha ni kuthibitisha. Mpeleke mtoto zahanati, kipimo kionyeshe malaria, apewe dawa, kwa sababu Lusajo ni mtu wa sasa na mkewe hawezi kukubali vingine. Malaria ipo kweli, ila kwa nini mtoto huyu na kwa nini wiki hii? Maelezo yote mawili yatembee pamoja mpaka mwisho, ukiua moja tu adui wako anageuka ama mchawi wa kawaida ama mzee anayesingiziwa. Polisi pia hawamsaidii Lusajo sana, sheria ya uchawi ipo tangu 1928 ila ushahidi wa chatu aliye tumboni mwa mtu unaupeleka mahakama gani.

Mpe na mpaka, kitu kimoja ambacho hafanyi hata iweje. Ambakisye hachukui zawadi, hata mkungu wa ndizi anaurudisha mlangoni. Alafu sehemu za katikati mbananishe hapo hapo: mke wa Lusajo anakuja na hela ya kuuza shamba la mama yake, anapiga magoti. Akipokea mtoto anapona leo. Hiyo sini ndo ya kukaa nayo, iandike kwa macho ya mzee, muda mrefu, mikono yake, ile bahasha mezani, historia yake ya utotoni weka mstari mmoja au usiweke kabisa, kurasa tatu za jinsi alivyonyanyaswa akiwa mdogo ni kumwombea msamaha na yeye hajauomba.

Mwisho usimpige radi. Mi ningemwacha Lusajo akope achinje, mtoto apone (dozi nayo ilikuwa imeisha siku iyo iyo), mzee ale nyama kama wengine na aage vizuri. Alafu sehemu ya mwisho kabisa jirani mwingine agome kuchinja, kikao kiitwe, na tuone Lusajo ananung'unika na wenzie au anaamka kuongea.