Mani planti imegeuka njano? Hebu iache kwanza hiyo jagi ya maji

Salaam jamani. Nliwaahidi ntaandika somo la mani planti, ile ya kutambaa yenye mabaka meupe au ya njano, nikachelewa, leo watoto wako madrasa nina saa mbili zangu. Kila wiki natumiwa picha ileile: majani ya chini njano, kamba imekonda, na chini yake mtu ameandika "naitilia maji sana lakini bado". Haya, jibu limo humohumo ndani ya swali.

Mi mwenyewe nshaua mbili, sijifichi. Ya kwanza nlipewa na wifi yangu, nikaitia kwenye chungu kizuri cha kauri, hakina tundu chini, nikaiweka juu ya kabati na kila asubuhi nikishakunywa chai naipa gilasi ya maji. Mapenzi hayo! Mwezi wa pili ikaanza njano, nikaongeza maji. Siku nlipokuja kuing'oa ilitoka na udongo wake mzima kama keki, mizizi rangi ya kahawa, nikiuvuta mmoja ngozi yake inateleza inabaki vidoleni, ndani kumebaki uzi mwembamba kama unywele, na harufu yake ni ya maji ya maua yaliyosahauliwa wiki mbili kwenye chupa.

Hatua ya kwanza: kidole, halafu mizizi.
Tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Mmea wenye kiu na mmea uliooza mizizi, yote miwili inalegea, ndo maana watu wanachanganyikiwa, yule aliyeoza hana mizizi ya kunywea kwa hiyo analegea na maji yako pale pale. Udongo mkavu, chungu chepesi, majani yamejikunja? Ni kiu, tia maji mpaka yatoke chini, kesho yake itakuwa imesimama. Udongo umeloa na majani njano? Usibahatishe, toa mmea wote uangalie. Mizizi mizima ni myeupe au ya krimu na migumu kidogo.

Hatua ya pili: kata bila huruma.
Pangusa mkasi kwa spiriti, kata kila kilicholainika, udongo wa zamani tupa. Ikibaki mizizi kiasi, panda upya kwenye chungu KIDOGO, si kikubwa, kwa sababu chungu kikubwa kinashika maji ambayo hiyo mizizi michache haiyamalizi. Kama haikubaki kitu usilie, kata kamba vipande vipande na kila kipande kiwe na kifundo, kile kichunusi cha kahawia kinachotokeza karibu na jani, ndicho kinachotoa mzizi. Jani tupu bila kifundo utaliweka kwenye maji likae zuri miezi na halitakupa mmea. Kifundo kizame majini, jani libaki nje, wiki mbili tatu utaona vimizizi vyeupe.

Udongo sasa. Wengi wetu tunachota uani, na udongo wa kisiwani hapa Mombasa mwingi umetokana na matumbawe, chokaa imejaa, na chokaa ikizidi mmea haupati madini ya chuma hata kama yamo. Utaona majani mapya yana njano na mishipa imebaki kijani, hiyo si maji. Mimi nachanganya udongo mwekundu wa gunia sehemu mbili, usumba wa nazi sehemu moja, samadi ya mbuzi iliyokaa sana nusu, na chengachenga za makaa. Usumba uloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji, makumbi yana chumvi. Mchanga wa pwani usiuguse, na mbolea mbichi ya kuku itakuunguzia mizizi. Na chungu kiwe na tundu, hata mkebe wa rangi utoboe na msumari wa moto, huo mkebe utashinda kauri yangu.

Hatua ya tatu: maji gani.
Hii ndo ya kwetu hasa. Ncha za majani zikikauka rangi ya kahawa na ukaona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, ni chumvi. Visima vingi vya mjini ni vya maji ya chumvichumvi, na hata ya mkokoteni hujui yamechotwa wapi, yaonje. Kama huna mengine ya kutumia kila siku, basi kila baada ya wiki chache mwagia chungu maji matamu mengi yapite yatoke chini yaoshe chumvi. Mvua za masika kinga ndoo, ni dawa ya bure. Na kingine, tangi jeusi la juu ya paa saa saba mchana maji yake unaweza kupikia chai, usimwagie mmea hayo, subiri asubuhi.

Hatua ya nne: mwanga, na habari ya mabaka.
Pale palipo peupe kwenye jani hapana kile kijani kinachopika chakula cha mmea. Kwa hiyo jani lenye mabaka mengi linapika kidogo, linahitaji mwanga zaidi ya lile la kijani kitupu. Ukiiweka kwenye giza, zile nyumba zetu za Mji wa Kale ambazo dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, itatoa majani ya kijani tupu ili ijiokoe, na kamba itarefuka baina ya jani na jani kama inatafuta mlango. Isogeze karibu na dirisha, kisha kamba iliyogeuka kijani ikate urudi nyuma mpaka kwenye jani la mwisho lenye mabaka, hapo itachipua upya.

Lakini jua la moja kwa moja la mchana halifai, pale peupe pataungua pawe kama karatasi iliyopigwa pasi. Na muwe macho, sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka Oktoba mwanzoni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, miezi iliyobaki liko kusini. Dirisha lililokuwa salama mwezi wa sita laweza kukuchomea mmea mwezi wa kumi na mbili na wewe hujagusa kitu.

Hatua ya tano: wadudu. Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, panguza kwa pamba yenye spiriti kimoja kimoja. Utandobuibui mwembamba na madoa madogo ya vumbi chini ya jani, oga nayo bafuni, osha majani juu na chini. Halafu ponda majani ya mkilifi (mwarobaini huo huo) konzi mbili, loweka kwenye lita moja na nusu usiku kucha, chuja, tia tone la sabuni ya vyombo, jaribu kwenye jani moja kwanza, nyunyiza magharibi jua limeshuka. Rudia kila wiki mara tatu, ukifanya mara moja mayai yatakucheka.

Haya maswali mliyoleta.

Dada wa Likoni: Yangu iko ofisini chini ya esii (kiyoyozi), ncha zimekauka na maji tunayotia ni ya chupa, sasa chumvi yatoka wapi?
Dadangu hapo si chumvi, ni upepo. Esii inakausha hewa na inaupiga mmea usoni siku nzima. Usiwe chini ya mdomo wake, peleka pembeni. Na uliza wenzako, ofisini kila mtu anamwagia chai yake iliyobaki humo, nshaona.

Kaka wa Kisauni: Kamba zangu ndefu mno lakini majani madogo kama ya mkunde, shida mbolea?
Kaka, mbolea kidogo tu mara moja kwa mwezi yatosha, wala si hiyo. Ikining'inia majani hupungua, ikipanda juu majani hupanuka, porini kwao huko visiwa vya Pasifiki hupanda miti na majani huwa makubwa kuliko sinia. Mpe kijiti kilichozungushiwa usumba, uuloweshe, apande. Na zile kamba zenye upara kata uzipande chungu hichohicho, kitajaa.

Bi mkubwa wa Majengo: Mwanangu, nimesikia haya machupa ya maji yanazalisha mbu wa dengi, kweli?
Kweli kabisa mama, shikamoo. Yule mbu anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na dengi tumeiona hapa 2013 na tena 2021. Badilisha maji kila baada ya siku tatu, sugua chupa ndani maana mayai hugandamana ukutani, ziba mdomo kwa pamba. Na visahani vya chini ya vyungu mwaga.

Swali la Tudor: Paka kang'ata jani, anatoa mate, atakufa?
Utomvu wake una vijisindano vidogo sana vinavyochoma mdomo, kwa kawaida haviui lakini vinauma. Msuuze mdomo, mpe maji, akitapika sana au uso ukivimba mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa ni mtoto amekula, usingoje, hospitali. Tundika juu, na ukimaliza kukata nawa mikono, mi huniwasha mpaka kwenye viwiko.

Na yule aliyeuliza kama ni kweli mani planti ya kuiba ndo hushika na ya kununua hufa: ya kuiba huwa ni kipande chenye kifundo kilichokatwa haraka usiku kikatiwa kwenye chupa, yaani wezi wanafuata hatua ya pili bila kujua. Yangu ya tatu nliiomba kwa jirani wa gorofa ya chini mchana kweupe, vifundo vitatu, na sasa imeshazunguka dirisha la jikoni inaelekea kwenye friji.